Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Ukimwuliza mwanafunzi wa kidato cha tatu angependa kazi gani, atakujibu pasi na kusita: daktari, wakili au rubani. Taja mkaguzi wa hesabu za serikali uone darasa zima likiangua kicheko. Eti hiyo ni kazi ya kuchokora risiti na kuchongea watu! Mimi siafiki hata kidogo.

Sisi wa Bomet twajua maana ya ukaguzi. Mama akipeleka majani ya chai kituoni, habandui macho kwenye mizani, na karatasi anayopewa huihifadhi hadi siku ya malipo. Je, pesa za umma nani huzitazamia mizani? Kifungu cha 229 cha Katiba ya mwaka 2010 kimempa kazi hiyo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Mwaka wa fedha ukiisha, ana miezi sita ya kukagua hesabu za serikali kuu na za kaunti, yetu ikiwemo, na kusema kama pesa zilitumika kisheria na kwa njia ya manufaa.

Siku hizi daftari lenyewe limehamia kwenye kompyuta. Malipo ya serikali hupitia mfumo uitwao IFMIS. Katika sakata ya NYS ya mwaka 2015, ambapo shilingi milioni 791 zilidaiwa kuporwa, swali mojawapo kubwa lilikuwa: nani alitumia maneno ya siri ya maafisa kupitisha malipo? Hapo kalamu nyekundu pekee haifui dafu. Anahitajika mkaguzi ajuaye kompyuta, aulize: Nani aliingiza malipo haya, na saa ngapi? Nani aliyaidhinisha? Mbona mtu mmoja afanye yote mawili? Afisa alihamishwa zamani, mbona neno lake la siri bado linafungua?

Kuna wasemao, "Ripoti huandikwa kila mwaka na wezi wangali wanatamba." Kweli inaudhi. Lakini mkaguzi hana pingu wala rungu. Ripoti yake huenda Bungeni au katika bunge la kaunti, ambako yapasa ijadiliwe na hatua ichukuliwe katika muda wa miezi mitatu. Wakizembea huko, kosa si la daftari. Na bila ushahidi, hata hakimu mwadilifu atafanya nini?

Wengine hudhani kazi hii ni ya watoto wa mjini. Wapi! Ukipata C+ katika KCSE, waweza kuanza masomo ya CPA yanayotahiniwa na KASNEB, kisha uongeze ujuzi wa kukagua mifumo ya kompyuta. Hata sisi wa shule ya kutwa, tunaochuma chai Jumamosi, hisabati yetu ni ile ile.

Walimu wetu, siku ya mawaidha kuhusu kazi, tualikieni mkaguzi pia, si madaktari tu. Nasi wanafunzi tuanze papa hapa: mweka hazina wa kila chama, hiki chetu cha Kiswahili kikiwemo, asome hesabu mbele ya wanachama kila muhula. Anayekasirika akiulizwa risiti leo, kesho tutamkabidhi kaunti?