Gari la kuvutwa: kabla ya bei, uliza giaboksi

Leo tuache programu kidogo. Pita Thika Road kati ya Ruiru na Thika, hukosi kuona gari likivutwa kwa kamba, magurudumu yote manne chini. Wamarekani wenye magari-nyumba huvuta gari dogo nyuma vivyo hivyo, ila wao husoma kwanza kitabu cha gari. Sisi husoma bei.

Maoni yangu: kama unajua litavutwa (na mtumba wa Japani utavutwa tu!), nunua la gia za mkono. Kwenye otomatiki, pampu ya oili ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikizimwa, magurudumu yanazungusha gia lakini oili haisukumwi. Kwa lugha yetu, hiyo ni tegemezi iliyofichwa. Kutoa gia hakusaidii sana.

Vitz ya kawaida otomatiki, inua magurudumu ya mbele. Subaru inayosukuma magurudumu yote manne, pakia yote juu ya lori, usibishane. Aqua ya haibridi ndiyo mbaya: magurudumu ya mbele yakizunguka, mota inazalisha umeme, na inaweza hata kuwaka moto.

Probox ya gia za mkono? Toa gia, fungua usukani kwa ufunguo, twende. Anayekaa ndani akanyage breki kwa nguvu, maana injini iliyozimwa haimsaidii.