SI KILA UGONJWA NI PALU



Hapa Dilala mutoto akilegea na kutapika, watu wanasema: "Ile ni palu tu." Mara nyingi ni kweli. Lakini iko ugonjwa mwingine wenye kujificha nyuma ya palu: ugonjwa wa sukari wa batoto. Mwili unakosa homoni ya insulini, na sukari inabaki mu damu bila kuutia mwili nguvu. Mutoto anakunywa maji bila kushiba, anakojoa usiku kucha, anakonda hata akikula muzuri. Asipotibiwa anakufa, kisha watu wanaanza kutafuta mulozi.

Tone moja la damu ku kidole linatosha kuujua, na jibu halimalizi dakika. Basi tunasema: penye kupima palu, wapime na sukari.

Dawa nayo si mupya. Mwezi wa kwanza 1922, kule Toronto, Leonard Thompson wa miaka 14 alichomwa insulini, akaishi miaka 13 mingine. Lakini ni shindano ya kila siku, inataka pesa na ubaridi. Nzilo na Nseke zinatoa umeme, lakini mu nyumba nyingi kura inakatika. Pasipo frigo, chungu cha udongo chenye kulowanishwa maji kinasaidia.

Na sisi mu darasa? Mwenzetu akiomba kutoka kila mara kwenda kukojoa, tusimucheke, na mwalimu asimupe azabu. Tuwaambie wazazi wake: "Mumupime sukari, leo, si kesho."