Wakituhesabu kutoka juu, washuke na chini

Mtoto aliyezaliwa hapa Kisenge wakati wa hesabu kubwa ya mwisho ya watu, mwezi wa saba 1984, leo amepita miaka 40. Wakati ule inchi ilikuwa inaitwa Zaire, Katanga ilikuwa Shaba, na jimbo la Lualaba halikuwako bado. Inchi nzima ilikuwa na watu karibu milioni 30. Leo Umoja wa Mataifa unasema tumepita milioni 100. Hesabu ya pili imeahidiwa mara mingi, lakini tungali tunaingoja.

Basi wanafanya namna gani? Mara mingi wanachukua hesabu ya zamani, wanaongeza asilimia 3 hivi kila mwaka, na wanaandika. Lakini hiyo asilimia 3 haijui kama manganezi ya Kisenge ilikosa njia tangu reli ya Lobito kufungwa 1975 kwa vita ya Angola. Haijui vijana waliotoka huku kwenda kuchimba Kolwezi, wala wale waliorudi na bibi na watoto.

Na kosa hilo linalipwa na watoto. Karatasi ikisema mugini uko na watoto 500, na kweli wako 800, sindano za surua zinaletwa 500. Mama 300 wanarudi nyumbani bure. Kisha raporti inaandika kama watoto wote walichanjwa, na huko juu watu wanafurahi.

Kuna namna mpya, na sisi hatuikatai. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, pamoja na wenzao, waliitangaza mwaka 2022 kwa majimbo tano ya magharibi: Kinshasa, Kongo-Central, Kwango, Kwilu na Mai-Ndombe. Wanachagua vipande vidogo vya inchi, wanaenda kuhesabu kila mtu katika kila nyumba. Kisha wanatazama picha za satelite zinazoonyesha nyumba zote, na ordinatere inatafuta: nyumba za namna hii, mahali kama hapa, zinalaza watu wangapi? Mwisho inatoa hesabu kwa kila kipande cha metre 100 kwa 100. Tena inasema ukweli juu ya mashaka yake: haisemi «5 000» tu, inaweza kusema «kati ya 4 000 na 6 500». Mheshimiwa gani amekwisha kutuambia hesabu namna hiyo?

Lakini satelite inaona paa, haioni sufuria. Katika kambi ya kampuni, nyumba iliyojengwa kwa familia moja inaweza kulaza tatu, na ile ya jirani ikawa tupu. Kule Kasulo, Kolwezi, bashi linaweza kufunika shimo la kobalti, si kitanda. Kanuni iliyojifunza Kwilu haiwezi kuletwa huku hivi hivi. Lazima Lualaba nayo ihesabiwe vipande vyake: mugini wa shamba, kambi ya zamani, na mahali pa wachimbaji, kila kimoja peke yake.

Tena wasituambie orodha ya CENI inatosha. Orodha ile ni ya watu wa miaka 18 na zaidi, na njo inagawa viti vya wabunge. Mtoto wa miaka 6 anayekaa chini darasani hana kura, kwa hiyo hayuko ndani yake.

Sisi tunaomba mambo matatu. Kwanza, hesabu ya kila mugini itangazwe, pamoja na mashaka yake, ibandikwe kwa shefu, kwa masomo na kwa sentre ya afya. Pili, shefu, muganga na mwalimu wapewe siku za kusema: hapa mumekosea. Tatu, serikali isifanye picha za satelite kuwa kisingizio cha kukimbia hesabu yenyewe. Picha zinasaidia kupanga kazi. Haziulizi umri, wala jina, wala nani alikufa.

Siku wakuja na tablete zao kutuhesabu, ndani ya betri kunaweza kuwa kobalti ya Kolwezi. Udongo wetu unapimwa kilo kwa kilo mbele ya kupakiwa. Nasi wenye kukaa juu yake, tuhesabiwe mtu kwa mtu.