Difu mpya, spidi ya uongo

Lori likinaswa na tochi ya trafiki kati ya Namanga na Arusha, faini humwangukia dereva, na matajiri wengine humkata kwenye mshahara. Aliyebadilisha difu haulizwi kitu.

Faida ya kubadilisha difu inajulikana. Tuseme lori lina difu ya meno 39 kwa 8, yaani propela huzunguka mara 4.875 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Lori hilo hupanda Kitonga na mzigo wake bila taabu kubwa, lakini kwenye tambarare za Voi injini hulia na kunywa dizeli. Fundi akiweka ya 41 kwa 10, yaani 4.1, kwa mwendo uleule injini huzunguka pungufu kwa karibu asilimia 16. Kwa anayesafirisha nyanya njia tambarare, hiyo ni dizeli iliyookolewa. Anayepandisha saruji mlimani ajiandae kununua klachi.

Shida iko kwenye dashibodi. Katika malori mengi ya zamani, waya wa spidomita huanzia kwenye gia boksi, kabla ya difu. Unahesabu mizunguko ya propela, si ya tairi. Baada ya kazi ya fundi huyo, mshale ukisoma 80, ambayo ndiyo mwisho wa malori makubwa Kenya na Tanzania, lori liko kwenye 95. Penye kibao cha 50, dereva anapita watoto wa shule kwa karibu 60 huku akiamini ametii sheria.

Kilomita nazo huharibika. Safari ya kilomita 1,000 huandikwa 841, hivyo oili ya kubadilishwa kila kilomita 5,000 humwagwa karibu na 5,950, na mwenye lori anayekodisha kwa kilomita anajipunja mwenyewe. Difu ikibadilishwa kinyume chake, kutoka 4.1 kwenda 4.875, anayepunjwa ni mwenye mzigo: atalipia kilomita 1,189 kwa safari ya 1,000.

Dawa ipo, tena si ghali kama difu yenyewe. Kwenye spidomita ya waya hubadilishwa gia ndogo iliyo gia boksi. Kwenye ya umeme hurekebishwa vipimo. Magari yanayosoma mwendo kwenye magurudumu yenyewe hayadanganyiki. Gereji inayofungua difu na kuacha spidomita ilivyo imefanya nusu ya kazi na kudai malipo yote. Tajiri aliyeagiza kazi hiyo ndiye wa kulipa faini.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria moja ya uzito wa malori, tani 56 mwisho. Ukaguzi wa spidomita nao ungestahili makubaliano kama hayo, kwa sababu lori halibadilishi difu likivuka mpaka.

Kwa sasa, anayenunua lori lililotumika aliendeshe mshale ukiwa 60 na kuhesabu vibao vya kilomita barabarani. Kilomita tano zichukue dakika tano. Zikiisha kwa dakika nne na sekunde chache, amuulize muuzaji habari za difu kabla ya kutoa fedha.