Sanamu ya Baniani Si Jini la Mali

Wahenga wetu wa Pwani walisema, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Methali hii twaitumia kila siku, na aghalabu hatumfikirii Baniani mwenyewe. Maana yake ni kwamba hata mtu tusiyempenda huenda akawa na kitu cha kutufaa. Basi kwa miaka mingi tumeridhika na bizari yake, nguo zake na mkopo wake wa dukani, lakini kile alichokiweka juu ya rafu, nyuma ya meza yake ya hesabu, hatukutaka kukijua. Tumekiita sanamu, tukaishia hapo.

Mimi ni mzaliwa wa Pwani, na kazi ndiyo iliyonifanya niishi miaka mingi katika nchi ya ziwa, baina ya Homa Bay na Migori. Huku nako nimekuta mazungumzo juu ya sanamu hizo, na nasikitika kusema kwamba baadhi ya wanaoyaeneza ni ndugu zetu waliotoka Pwani kuja kutafuta riziki. Yasemwa ati ile sanamu yenye kichwa cha ndovu ni jini la mali. Ati mwenye duka huilisha chakula, nayo humvutia wateja. Ati ndiyo sababu Mhindi hafilisiki. Maneno haya nimeyasikia Homa Bay kando ya ziwa, na nimeyasikia tena Migori kwenye stendi ya magari, na wasemao hucheka. Mimi sioni kichekesho. Maoni yangu ni kwamba uvumi huu ni uwongo, una hatari ndani yake, na Mwislamu hafai kuwa miongoni mwa wanaoueneza.

Mali ilitoka wapi

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi watu hawa walivyofika huku. Reli ilipofika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, wafanyabiashara wa Kihindi waliifuata. Kutoka Kisumu meli za ziwani zilichukua abiria na shehena hadi Kendu Bay, Homa Bay na Karungu, na kutoka huko bidhaa zikaingia ndani hadi vituo kama Migori. Dukawala aliuza chumvi, sukari, mafuta ya taa, sufuria na marekani. Naye alinunua ngozi, mahindi na simsim kutoka kwa wakulima wa wilaya ambayo zamani ikiitwa Nyanza Kusini, na ambayo leo ni kaunti hizi za Homa Bay na Migori.

Mali yake haikuwa na siri. Alipewa bidhaa kwa mkopo na jamaa au mtu wa kwao mwenye duka la jumla Kisumu, Nairobi au Mombasa. Alilala nyuma ya duka lake. Mkewe na watoto walikuwa wauzaji wasiolipwa mshahara. Akipata hasara, jamaa walimsubiri. Akipata faida, alirudisha deni kwanza. Sanamu haimpi mtu gunia la sukari kwa mkopo. Ami yake ndiye ampaye.

Isitoshe, si kweli kwamba hawakufilisika wala kupatwa na msiba. Mwaka 1967 ilitungwa sheria ya leseni za biashara iliyowazuia wasio raia kufanya biashara katika sehemu nyingi za mashambani na miji midogo, na wengi wakauza maduka yao wakahama. Mwaka 1968 maelfu walikimbilia Uingereza. Agosti 1972, ng'ambo ya pili ya ziwa hili hili, Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, wakaacha maduka, viwanda na nyumba. Lau sanamu ingekuwa jini la kulinda mali, ingewalinda siku hiyo. Leo familia zilizobaki katika miji yetu hii ni chache, nao ni Wakenya kama sisi. Julai 2017 serikali iliwatambua rasmi Wakenya wa asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi hii.

Sanamu yasema nini

Wenyeji wa huku huwaita wote Wahindi. Sisi wa Pwani twajua zaidi. Twajua kwamba miongoni mwao wako Mabohora, Maismailia, Ithnaasheri na Masunni, ambao ni watu wa kibla; wako Makalasinga, ambao hawaabudu sanamu; wako Magoa, ambao ni Wakatoliki; na wako Mabaniani, ambao ndio hasa wenye sanamu hizi. Hata hao Mabaniani hawana kauli moja. Mwaka 1875, huko Bombay, mwanachuoni wao Dayananda Saraswati aliasisi chama cha Arya Samaj kinachokataa ibada ya sanamu, na chama hicho kimekuwako Nairobi tangu mwaka 1903. Basi mjadala wa sanamu wanao wenyewe, ndani ya nyumba zao.

Nyumbani kwa Baniani mwenye kufuata mila, sanamu huwekwa mahali pake maalumu: rafu, kabati dogo, au chumba kizima kwa mwenye nafasi. Hapo hapakanyagwi kwa viatu. Asubuhi, mtu akisha kuoga, huwasha taa ndogo ya samli yenye utambi wa pamba, huchoma udi, huweka maua, hugonga kengele. Huweka pia matunda au vitu vitamu mbele ya sanamu, na baada ya ibada huvigawa viliwe na watu wa nyumbani. Hicho ndicho chakula ambacho mzushi akiita chakula cha jini. Wanaokila ni watoto wa nyumba ile.

Ama zile sura zenyewe, ambazo wengi wetu huziona za ajabu, kila kiungo kina maana. Ganesha ndiye mwenye kichwa cha ndovu. Kwa wenyewe, masikio makubwa yamwambia mtu asikilize sana, na kichwa kikubwa chamwambia afikiri. Miguuni pake yuko panya, mnyama mlafi asiyetulia, naye kwao ni mfano wa tamaa ambayo lazima itawaliwe. Ganesha huombwa aondoe vikwazo, ndiyo maana hutajwa mwanzo wa safari, wa arusi na wa biashara, na ndiyo maana mteja humwona dukani.

Lakshmi ni mwanamke aliyeketi au kusimama juu ya ua la yungiyungi, mkononi mwake zikianguka sarafu za dhahabu. Huyu ndiye wa neema na mali. Lakini ua lile ndilo somo: yungiyungi huota topeni, nalo hutokeza juu ya maji likiwa safi. Maana yake ni kwamba mtu aishi katika dunia na mali yake asichafuke nayo. Wakati wa Diwali wafanyabiashara wa Kigujarati huwasha taa, hufunga vitabu vya hesabu vya mwaka uliopita na kufungua vipya mbele ya sura yake. Asiyejua huona uchawi. Anayejua huona mtu akifunga hesabu.

Saraswati huvaa nyeupe, amepakata zeze na kitabu, naye ni wa elimu. Shiva hucheza ndani ya duara la moto, na chini ya mguu wake amelala mtu mfupi, ambaye ni mfano wa ujinga. Ile mikono minne hadi kumi iliyowatisha watoto wetu hutaja uwezo mwingi kwa lugha ya mchongaji. Na katika sikukuu ya Ganesha, huko Mumbai, watu hutengeneza sanamu kubwa za udongo, wakaziheshimu kwa siku kadhaa, kisha wakazibeba kwa nyimbo hadi baharini wakazizamisha. Udongo hurudi majini, na mwenye imani hurudi nyumbani bila huzuni, kwa kuwa kwake yeye sura imekwisha na yule anayemwomba hakuzama.

Kujua si kuabudu

Nawasikia wengine wakiuliza: Je, ndugu huyu ataka tuipende shirki? La hasha. Imani yetu i wazi. Allah ni Mmoja, hana mfano wala sura, na hakuna maelezo yoyote juu ya panya au yungiyungi yanayoweza kubadili jambo hilo. Lakini kujua si kuabudu, na sisi tunao wanavyuoni waliotutangulia katika njia hii.

Karibu mwaka 1025 Sultani Mahmud wa Ghazni alilibomoa hekalu la Somnath, katika pwani ya Gujarati, nchi ile ile walikotoka wengi wa madukawala wetu. Katika zama zake aliishi Abu Rayhan al-Biruni, Mwislamu mwenye elimu nyingi, ambaye alijifunza Kisanskriti, akakaa na wanavyuoni wa Kihindi akawauliza, na karibu mwaka 1030 akamaliza kitabu juu ya India. Aliandika kwamba wasomi wa Kihindi humwamini Mungu mmoja wa milele, na kwamba sanamu ziliwekwa kwa ajili ya watu wa kawaida, ambao moyo wao hutaka kitu cha kuonekana. Akaongeza jambo ambalo lafaa tulifikirie: kwamba hata Mwislamu asiye na elimu, akionyeshwa picha ya Makka na Al-Kaaba, angefurahi hata akaibusu. Al-Biruni hakusilimu upya wala hakuritadi. Alitaka tu kusema kweli juu ya watu wengine.

Wako watakaonikumbusha kwamba Nabii Ibrahim alivunja masanamu, na kwamba Mtume (S.A.W.) alipoingia Makka mwaka 630 aliisafisha Al-Kaaba ikatoka na masanamu 360. Ni kweli, na ni fahari yetu. Lakini Al-Kaaba ni Nyumba ya Allah iliyorudishiwa heshima yake. Sebule ya jirani yako Migori ni nyumba ya jirani. Sura ya Al-An'am, aya ya 108, yatukataza kuwatukana wale wanaoombwa kinyume cha Allah, isije wenyewe wakamtukana Allah kwa chuki na kutojua. Kama kutukana kumekatazwa, sembuse kuzua?

Wengine watataja Msikiti wa Babri, uliobomolewa huko Ayodhya tarehe 6 Desemba 1992. Uchungu wake naujua, na sisemi usahauliwe. Lakini muuza misumari wa Homa Bay hakushika nyundo siku ile. Kumlipiza yeye ni kufanya kile kile tunachokilaumu.

Kosa la pili

Liko kosa jingine, nalo ni la hawa wanaojiona wameendelea. Siku hizi sanamu za Ganesha na za miungu mingine huuzwa mijini pamoja na vyungu vya maua na saa za ukutani, na nimeziona katika sebule za Waislamu, juu ya kabati la televisheni, ati ni mapambo. Hapa twakosa mara mbili. Kwa dini yetu, sanamu ya kiumbe haina nafasi nyumbani, na hadithi mashuhuri yatuonya kwamba malaika hawaingii nyumba yenye sanamu. Kwa jirani, kile anachokiwashia taa asubuhi sisi twakiwekea kopo la rimoti. Yule Baniani anajua anachokifanya, sisi hatujui.

Tena hatuna uhaba wa mapambo. Tazama milango ya Lamu, Mombasa Mji wa Kale na Unguja: nakshi za majani, minyororo na maua, na wachunguzi wameyatambua miongoni mwake maua ya yungiyungi. Misumari mikubwa ya shaba ni desturi iliyovuka bahari kutoka India. Wazee wetu walichukua ua na msumari, wakaacha sanamu, na juu ya kizingiti wengine wakachonga aya za Kurani. Walijua cha kuchukua na cha kumwachia mwenyewe.

Zamu yetu itafika

Nimesema uvumi huu una hatari. Huku bara sisi watu wa Pwani nasi twasemwa. Duka la mtu wa Mombasa likistawi, ati ana jini. Akifuga paka, ati si paka. Akichoma udi Alhamisi jioni, majirani hunong'ona. Yule anayesadiki leo kwamba Baniani hulisha sanamu ili apate mali, kesho atasadiki kwamba Mswahili hufukizia majini. Na fujo zikizuka, uvumi hugeuka ruhusa ya kupora. Agosti 1982 jijini Nairobi maduka na nyumba za Wahindi ziliporwa, na waporaji hawakuuliza nani ni Baniani na nani ni Bohora.

Ndugu zangu, nawaomba mambo machache tu. Sanamu ya Baniani ibaki kwake. Tusiinunue wala tusiicheke. Kile kilichowekwa mbele yake hatukili, na jirani akielezwa kwa adabu hakasiriki. Na hadithi ya jini la mali ikianza barazani, stendi au sokoni, aliyepo aseme kwamba si kweli, na aeleze kwa nini. Tukinyamaza, wasikilizaji watadhani kwamba Waislamu wameithibitisha.