Kisu cha milioni na kisu cha elfu arobaini: kipi kinaridhisha zaidi?

Msomaji mmoja wa ukurasa huu, mama wa watoto watatu, ameniandikia kuhusu mumewe. Anasema mumewe hanywi pombe, hachezi kamari wala hachelewi kurudi nyumbani. Ugonjwa wake ni mmoja tu: visu vya mfukoni, vile vya kukunja. Anavyo vitano, anavinoa jioni wakati wa taarifa ya habari, na sasa anaweka akiba aagize cha sita kutoka Marekani, ambacho bei yake inakaribia shilingi milioni moja. Swali la mama huyu ni fupi. Je, akikipata ataridhika, au ndiyo safari ya kutafuta cha milioni mbili? Na kwa nini vile vya bei nafuu visimtoshe?

Huenda ukajiuliza mwandishi wa afya anatafuta nini kwenye visu. Nimelichukua swali hili kwa sababu linagusa fedha za familia na vidole vya familia, vyote kwa pamoja.

Kwanza tumtendee haki baba huyu. Kupenda visu ni kama kupenda saa, viatu au redio za zamani. Mtu anafurahia namna kisu kinavyofunguka, uzito wake kiganjani, jinsi kinavyomenya chungwa kwa ganda moja refu lisilokatika. Si wazimu, na si ukatili. Ni starehe ya mikono.

Nafuu si lazima kiwe duni

Ajabu ni kwamba baadhi ya visu vinavyoheshimiwa sana na wapenzi wa fani hii ni vya bei ya chini. Chukua Opinel ya Ufaransa. Ilianza mwaka 1890 katika milima ya Savoie, mikononi mwa fundi Joseph Opinel, ikiwa kisu cha wakulima: mpini wa mti, bapa la chuma, basi. Mwaka 1955 iliongezwa pete ya kuzungusha inayozuia bapa lisijifunge lenyewe wakati wa kazi. Umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Namba 8, yenye bapa la sentimita 8.5, huuzwa Ulaya kwa takriban euro 15, yaani kama shilingi elfu arobaini na kitu.

Au chukua visu vya Uswisi. Karl Elsener alifungua karakana yake kijijini Ibach mwaka 1884, na mwaka 1891 akaanza kulipatia jeshi la nchi yake visu. Kampuni hiyo, Victorinox, bado inatengeneza visu vidogo ambavyo mfanyakazi wa kawaida anaweza kumudu. Sisi huku Afrika tuna Okapi, kisu kilichopewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa makoloni, na mwaka 1988 utengenezaji wake ukahamia Afrika Kusini.

Siri ya visu vizuri vya bei nafuu ni wembamba. Kukata kunategemea zaidi wembamba wa bapa na ukali wa makali kuliko bei ya chuma. Opinel iliyonolewa vizuri hupita kwenye nyanya kwa wepesi kuliko visu vingi vya bei kubwa vyenye mabapa manene. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Hawakusema mwenye kisu cha ghali.

Milioni inanunua nini?

Isiwe tukadhani wanaolipa pesa nyingi wanaibiwa. Mfano unaotajwa sana ni Sebenza, kisu cha Chris Reeve, fundi wa Afrika Kusini aliyehamia Boise, katika jimbo la Idaho nchini Marekani. Jina lenyewe ni la Kizulu, na maana yake ni kufanya kazi. Huuzwa zaidi ya dola 400, ambazo kwetu ni karibu shilingi milioni moja na kuendelea.

Kwa fedha hizo unapata mpini wa titani, vipande vilivyopimwa na kuchongwa kwa usahihi mkubwa, na kifungio ambacho ni sehemu ya mpini wenyewe. Mwenye kisu anaweza kukifungua chote, akakisafisha na kukirudisha. Chuma chake hukaa na makali kwa muda mrefu zaidi. Hayo ni mambo ya kweli, na mtu anayependa kazi ya fundi stadi huyaona na kuyafurahia.

Lakini faida haipandi kwa kasi ya bei. Ukitoka kisu cha elfu tano cha mtaani kwenda cha elfu arobaini, tofauti utaiona siku ya kwanza. Ukitoka cha elfu arobaini kwenda cha milioni, tofauti utaiona ukikigeuzageuza kiganjani, si ukikata kitunguu.

Kuna na jambo ambalo wauzaji hawaliweki mbele. Chuma kigumu sana kinachodumu na makali ndicho kinachochukua muda mrefu kunoa, na jiwe la kawaida la nyumbani linaweza kushindwa nacho. Chuma laini kidogo, kama cha Opinel au Victorinox, hupoteza makali mapema lakini huyarudisha kwa dakika chache. Kwa mtu ambaye raha yake ni kukaa jioni akinoa, kisu cha bei nafuu kinampa raha hiyo mara nyingi zaidi. Isitoshe, kisu cha milioni huogopewa. Mwenyewe hataki kikwaruzwe, kinakaa kabatini, na kazi zote anafanya cha elfu arobaini.

Moyo huzoea haraka

Mwaka 1971 wanasaikolojia Philip Brickman na Donald Campbell waliandika kuhusu tabia ya binadamu ya kuzoea mema anayoyapata. Kitu kipya hutupandisha furaha, kisha tunakizoea, na furaha inarudi karibu na pale ilipokuwa. Ndiyo maana simu mpya ya Januari ni simu tu ifikapo Juni.

Kwa hiyo jibu langu kwa dada yangu ni hili. Kwa mtu anayekitumia kisu, kizuri cha bei nafuu kinaridhisha sawa na cha ghali, na mara nyingine zaidi. Kwa mtu anayependa ufundi wenyewe, cha ghali kina raha yake ya pekee. Ila hakuna kisu, cha bei yoyote, kinachomaliza hamu ya kisu kingine. Hamu hiyo humalizwa na mtu mwenyewe kwa kujiwekea mpaka.

Usiuanze mjadala kwa kumwambia anapoteza hela. Mwulize kwa upole: kati ya hivi vitano, kipi unakichukua kila siku, na kwa nini? Jibu lake litawaonyesha wote wawili anachokipenda hasa. Kisha kubalianeni kanuni ambazo hazimdhalilishi mtu. Fedha ya starehe itoke kwenye fungu lake baada ya ada za watoto na bima ya afya. Kabla ya kuagiza, isubiriwe miezi mitatu. Na kikiingia kipya, kimoja cha zamani kiuzwe au kigawiwe. Kama baada ya hapo bado anakitaka na anaweza kukilipia bila kukopa, mwache akipate. Kila mtu mzima anastahili starehe yake isiyomuumiza mtu.

Kibovu ndicho ghali

Kisu cha kuogopa ni kile cha bandia, kilichopigwa chapa ya jina kubwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Kabla hujalipa, kifungue ukitikise: bapa lisicheze. Funga kifungio chake, weka vidole mbali na njia ya bapa, kisha bonyeza mgongo wa bapa taratibu kwenye mbao. Kikilegea, kiache hapo hapo. Kwa kazi nzito usitumie kisu kisicho na kifungio, maana kinaweza kujikunja juu ya vidole.

Kisu butu nacho ni hatari. Unatumia nguvu nyingi, kinateleza, na kinaishia mkononi. Ukinoa, jaribu makali kwenye karatasi, si kwenye dole gumba. Chenye bapa la chuma kinachoshika kutu kifutwe maji mara baada ya kukata ndimu au embe, kipakwe mafuta ya nazi kidogo, kisha kiwekwe mbali na watoto.

Mtu akijikata, bana jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika kumi bila kuchungulia, na mkono uinuliwe juu. Damu ikikoma, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Usiweke majivu, kahawa, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Nenda kituo cha afya kama damu haikomi, jeraha limeachama au ni la kina, kidole kimekufa ganzi au hakikunjiki.

Mwisho, pepopunda. Wengi wanadhani inaletwa na kutu. Inaletwa na bakteria waishio kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, kwa hiyo hata kisu kinachong'aa kikiwa na uchafu huo kinaweza kukuambukiza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi sita za chanjo, tatu za utotoni na tatu za kuongeza nguvu hadi ujana. Mama hupata nafasi ya kuchanjwa anapokuwa mjamzito. Baba hana kliniki ya namna hiyo, na wanaume wengi walichanjwa mara ya mwisho wakiwa wachanga.

Kwa hiyo kabla ya kisu cha sita, mzee apite kwanza kituo cha afya kilicho karibu, aulize kama anahitaji dozi ya pepopunda. Haigharimu milioni.

Tukutane wiki ijayo.