Mafuta Yameenda Italia, Mashudu Je?

Wasee, tuache kudanganyana. Tukisikia "mafuta ya mimea" tunapiga makofi kama ni kitu ya bure. Si ya bure. Nafaka ikiingia kiwanda cha mafuta, kuna kuku mahali anaangalia bakuli yake.

Cheki Marekani. Sheria ya 2005, iliyoongezwa makali 2007, inalazimisha kampuni za mafuta kuchanganya mafuta ya mimea na yale ya kawaida. Siku hizi zaidi ya thuluthi moja ya mahindi yao inaishia kwa ethanoli, ile pombe ya kuongezwa kwa petroli. Halafu 2012 ukame ukapiga, mahindi yakapanda bei vibaya. Magavana kadhaa wakaomba hilo sharti lilegezwe kwa muda juu wafugaji wanaumia. Novemba mwaka huo EPA, shirika lao la mazingira, likasema hapana. Umeona? Tangi la gari lina sheria ya kulilinda. Kuku hana.

Watetezi watakuambia, "Lakini makapi yanarudi kwa mifugo." Ni kweli. Kilo 25 za mahindi zikitengeneza ethanoli, karibu kilo 8 zinabaki kama makapi makavu yenye protini. Lakini kilo 8 si kilo 25. Na makapi hayo yana nyuzinyuzi nyingi: ng'ombe anakula bila shida, kuku lazima umpimie.

Soya nayo ni stori tofauti. Mafuta ni kama sehemu moja tu kwa tano ya mbegu. Karibu zote zinazobaki ni mashudu, na hayo ndiyo protini ya kuku. Wakikamua soya zaidi kwa ajili ya dizeli, mashudu yanajaa sokoni na bei inavutwa chini. Kwa hivyo msiniambie kila mafuta ya mimea ni adui wa mfugaji, wala msiniambie yote ni baraka. Swali ni mbili tu: nini kinabaki, na nani anakipata?

Sasa turudi nyumbani. 2022 Eni, kampuni ya Italia, ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu Makueni: nyonyo, kroton na pamba. Oktoba mwaka huo mafuta ya kwanza yakaondoka bandari ya Mombasa kuelekea kiwanda chao cha Gela, Italia. Tuliambiwa hii haishindani na chakula, na masalio yatakuwa chakula cha mifugo na mbolea. Sawa. Basi tuongee kuhusu hayo masalio.

Mashudu ya pamba ng'ombe wanakula tangu zamani. Ya nyonyo yana sumu inaitwa risini; isipoondolewa, hayo ni ya mbolea, si ya bakuli. Kwa hivyo "masalio" si neno moja la kufunika kila kitu. Niambie ni mashudu gani, magunia mangapi, yanauzwa wapi na kwa bei gani.

Hii si ushamba wa watu wa mifugo. Kenya inategemea sana soya na mashudu kutoka nje, Uganda, Tanzania na Zambia. Na kwa mfugaji wa kuku, chakula ndicho kinakula doo nyingi kuliko kitu kingine. Gunia likipanda, yai linapanda, na wewe unayeishi kwa boilo na kachumbari unalipa.

Mimi nataka mambo mawili. Mashudu yanayolika yauzwe hapa kwanza, kwa bei inayotangazwa wazi, mfugaji wa Wote aione kabla ya dalali. Na nyonyo isiingie shamba lililokuwa la mahindi, ndio tusinunue nje kesho kile tulichong'oa leo.

Italia wamepata mafuta. Mbunge wako na gavana wako waulize hadharani: mashudu yetu yako wapi?